Kichwa Alichokijua kwa Vidole

Msusi huyu watu walimwita Vidole, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa na vidole vyembamba, virefu, vilivyopinda kidogo kwenye ncha kwa kazi ya miaka ishirini na sita, na kila kimoja kilikuwa na akili zake. Mwenyewe alikuwa msahaulifu wa kutupwa. Angeweza kukutana nawe sokoni, akakuamkia vizuri, akakuuliza habari za watoto, na moyoni asijue wewe ni nani. Lakini ukikaa kwenye kiti chake, akatia mikono kichwani mwako, papo hapo atakwambia wewe ulikuja mwaka juzi, una kinundu nyuma ya sikio la kulia, na kisogo hicho ni cha mama yako mzazi. Vichwa vya mtaa mzima alikuwa navyo mikononi.

Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyokuwa akiishi. Kulikuwa na kioo kirefu chenye ufa chini, kwa hiyo kila mteja alijiona mzima isipokuwa miguu. Kulikuwa na kiti cha kuzunguka ambacho kiliacha kuzunguka zamani, birika la umeme la kuchemshia maji ya kuchovya ncha za rasta, na rasta zenyewe za kila rangi zikining'inia kwenye misumari ukutani. Pazia la dirishani lilikuwa jepesi, mwanga ukipita humo unafika ndani ukiwa umepoa. Ukikaa pale mchana, mvuke unapanda, mafuta ya nywele yananukia, vidole vinatembea kichwani taratibu, unasinzia utake usitake. Wateja wengi walisinzia. Kusema kweli, hata yeye msusi alisinzia, macho wazi, mikono ikiendelea na kazi.

Na katika usingizi huo wa macho wazi alikuwa akienda mahali pamoja tu. Alikuwa akirudi kwenye utosi wa binti yake.

Mtoto wake alikuwa huyo mmoja. Baba wa mtoto alikuwa fundi mabomba, akafuata kazi ya mabomba mji mwingine, na inaonekana mabomba ya huko hayajaisha mpaka leo. Vidole hakumlaumu sana. Alikuwa ameshaachiwa kilicho bora. Siku alipowekewa mtoto mikononi, kabla hata ya kumtazama uso, vidole vyake viliuona utosi, ule ulaini juu ya kichwa, ukidunda polepole chini ya ngozi. Akauwekea kiganja. Akakaa hivyo mpaka wakunga wakadhani amelala. Mwaka na nusu baadaye utosi ukafunga, mfupa ukashikana na mfupa, na Vidole alihuzunika siku nzima bila kumwambia mtu. Utamwambia nani jambo la kipuuzi namna hiyo?

Mtoto akakua, akasoma, akasomea mifugo. Ofisi ya mifugo ikamwajiri na kumpangia vijiji vya nyuma ya mlima. Wafugaji wa huko walikuwa wamezoea kusema "bwana mifugo", na ofisi ilipowaletea msichana wa miaka ishirini na minne hawakuona sababu ya kubadilisha maneno. Bwana Mifugo kafika, leteni kigoda. Bwana Mifugo kavaa hereni nzuri leo. Mama yake naye akadaka jina hilo na kumtania nalo, na mwishowe likamkaa.

Ofisi ilimpa Bwana Mifugo pikipiki, kisanduku cha barafu cha kubebea chanjo, na helmeti nyekundu. Mkuu wa ofisi, mzee mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni, alisimama getini kila asubuhi kukagua vichwa. Kichwa kikiwa kitupu, ufunguo wa pikipiki unabaki kwenye droo yake. Hakubishana na mtu wala hakupaza sauti, alifunga droo tu.

Hapo ndipo mambo yalipogongana, maana helmeti ile ilitengenezwa kwa kichwa kilichonyolewa, na Bwana Mifugo alikuwa binti wa msusi. Akaomba asukwe mistari myembamba iliyolala, helmeti ipite juu yake bila taabu. Mama yake akanuna. Akasema watu watadhani binti hana mama. Akasema kichwa cha binti ndiyo kibao cha saluni, na nani ataingia mlangoni akiona kibao kimeandikwa herufi ndogo? Alisema mengi ya namna hiyo, na yote yalikuwa ya kuzugia. La kweli hakulisema.

La kweli lilikuwa hili. Binti alikuwa akitoka alfajiri na kurudi jioni na vumbi hadi kwenye kope, akila amenyamaza, akilala. Mistari myembamba inaisha kwa saa moja. Lakini ule mtindo mkubwa wa Vidole, aliouita Ghorofa Mbili, rasta ndogondogo zilizopandishwa utosini na kuzungushwa, kisha zikapandishwa tena, ulikuwa wa saa tisa. Kwa saa tisa, kila Jumapili ya pili, binti anakaa chini kwenye mkeka, mabega yake yako katikati ya magoti ya mama yake, kichwa chake kimeegemea paja. Anasimulia habari za ndama na za wafugaji wabishi, sauti inapungua, mwisho anasinzia. Na mama anabaki na kile kichwa, peke yake, hadi jua linahama ukuta mmoja kwenda mwingine. Vidole hakujua furaha nyingine iliyokuwa kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo Jumapili moja, binti akiwa amechoka kubishana, alisuka Ghorofa Mbili, tena kwa bidii zaidi kuliko siku zote, na alipomaliza, binti amelala fofofo, akachukua helmeti nyekundu kuijaribu. Ikagoma. Ilikaa juu ya rasta ikiyumba, haishuki hata masikioni. Vidole akaigeuza na kuitazama ndani. Kulikuwa na kitambaa, chini yake sponji laini, na chini ya sponji povu gumu jeupe, lile linalowekwa kwenye maboksi ya televisheni zisivunjike njiani. Akalibonyeza. Akajiambia, hili ni la kujazia tu, na kichwa cha mwanangu kimeshajazwa. Nywele zote hizi ni mto tosha.

Alichukua mkasi, akafumua kitambaa mshono kwa mshono, akatoa sponji, kisha akalikata lile povu la juu vipande vipande mpaka akafika kwenye ganda. Alipomaliza alichukua sindano yake ya kushonea wivingi, ile iliyopinda, akakirudisha kitambaa mahali pake. Mshono ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hata fundi wa kiwandani angeutafuta asiupate, na hapo alijisikia fahari kidogo. Akaijaribu tena helmeti. Ikashuka vizuri, ikashika, haitingishiki. Kipande kikubwa cha povu hakukitupa. Siku zote sindano zake zilipotea, alizichomeka kwenye sabuni, kwenye pazia, mara nyingine mdomoni. Akaliweka povu mezani chini ya kioo na kuzichomeka humo zote kumi na mbili. Zikasimama wima kwa utiifu.

Asubuhi binti alivaa helmeti, akashangaa ilivyoingia. Mama akamwambia ameilegeza kidogo. Bwana Mifugo alikuwa amechelewa, akambusu mama yake shavuni, akaondoka. Mzee wa kalamu mbili akatazama kichwa, akaona chekundu, akatoa ufunguo.

Wiki tatu zikapita. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha nyuma ya mlima. Vidole alisuka, akasinzia macho wazi, akachomoa sindano kwenye povu na kuzirudisha. Asubuhi moja akaingia mwanamke aliyejitanda mtandio, akamsalimia kwa jina. Vidole akaitikia kwa uchangamfu wa mtu asiyemkumbuka anayesalimiana naye. Mteja akakaa, akavua mtandio. Vidole akatia mikono, akatabasamu. Alikuwa ni Karani wa ghala la mahindi, kichwa kipana mbele, chembamba nyuma, kichwa kizuri cha kusuka. Hakuwa amekuja nusu mwaka mzima.

Kisha vidole vikasimama.

Juu ya sikio la kushoto, mahali palipokuwa sawa siku zote, palikuwa na bonde. Lilikuwa bonde dogo, ncha ya kidole gumba ingeenea humo, na ngozi juu yake ilikuwa nyororo kuliko kwingine. Vidole hakuwahi kukuta kitu kigeni kwenye kichwa alichokizoea.

"Hapo taratibu, dada," Karani akasema.

Akasimulia wakati anasukwa, bila haraka. Alikuwa amepanda pikipiki kwenda kazini, na wala dereva hakukimbiza. Walikuwa wanakata kona, wanakaribia kusimama. Alijikuta tu ameangukia upande, kichwa kikagonga ukingo wa barabara. Kisha hakujua kitu siku kumi na moja.

"Kwani hukuvaa helmeti?" Vidole akauliza.

"Nilivaa. Nikafunga na mkanda. Lakini dereva alikuwa ameitoa nyama ya ndani, ili kila abiria imwenee, mwenye rasta na asiye na rasta. Daktari aliishika mbele yangu, akaigonga kwa kidole, ikalia kama sufuria. Akaniambia hili ganda ni la kuzuia mvua. Kinachookoa kichwa ni lile povu jeupe la ndani."

Mkono wa kulia wa Vidole ulikuwa umeshaenda mezani kuchukua sindano, kwa mazoea tu, bila yeye kuutuma, na ukabaki pale hewani.

"Kwa jumla nimepona," Karani akaendelea. "Ila maneno yananikimbia. Hebu nipe ile... nijione nyuma. Nipe ile..." Akanyoosha mkono mbele, akachora mviringo hewani. Alikuwa amekaa mbele ya kioo kirefu, anajiona humo mzima isipokuwa miguu, na jina la kitu kile halikumjia. Machozi yakamlengalenga, akayacheka kidogo. "Kila siku ni neno jingine, dada. Juzi lilikuwa jina la mwanangu."

Kwenye meza, povu jeupe lilikuwa limekaa na sindano zake. Vidole alilitazama, na kwa mara ya kwanza akaona umbo lake. Lilikuwa limejikunja kwa ndani, limechongwa lipokee kitu cha mviringo, na alikijua kitu hicho kuliko alivyojijua mwenyewe.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, mara saba, na alijua kwa nini haipokelewi, maana Bwana Mifugo akiwa njiani simu hukaa kwenye begi chini ya chanjo. Leo alikuwa na ndama wa kuchanja kwenye zizi la mwisho, chini ya mteremko wa kokoto, na usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Vidole akajifuta mikono. Akamwambia Karani, aliyekuwa amesukwa upande mmoja na upande mwingine nywele zimetimka, kwamba yeye anaondoka, amwie radhi, mlango asiufunge. Karani alimtazama usoni, akatazama povu, na huyo aliyekuwa akikimbiwa na maneno hakuhitaji hata moja. Akamwambia nenda. Vidole akachomoa sindano harakaharaka, akalitia povu mkobani, akatoka.

Kituo cha pikipiki kilikuwa mbele ya duka la vifaa vya shule. Siku nyingine zote hujaa madereva kumi wanaopigania abiria, lakini siku hiyo, kwa bahati ya Vidole, alikuwepo mmoja tu, na huyo mmoja ni Polepole. Polepole alikuwa mtu wa makamo mwenye masharubu, na jina lake lilimfaa. Abiria waliochelewa walimkwepa. Wanaotaka kufika walimpanda. Helmeti ya abiria aliikagua kila asubuhi na kuianika juani, na mtu akikataa kuivaa, Polepole hazimi pikipiki wala haiondoi, anakaa tu anatazama mbele.

Vidole hakuwahi kumpanda kwa sababu hiyohiyo. Siku zote alikataa helmeti, akidai inanuka. Uongo mtupu. Kilichomkataza ni wigi. Msusi huyu aliyesifiwa mji mzima kwa nywele zilizoshuka mabegani hakuwa nazo. Miaka ya kujisuka kwa kubana ilikuwa imekata za mbele zote, zikabaki chache nyuma, na siri hiyo aliijua yeye, binti yake na mto wa kitandani. Helmeti haivaliki juu ya wigi kama lile, na akiivua mbele za watu, wigi litatoka nayo.

Polepole akamnyooshea helmeti. Mwenye duka alikuwa mlangoni. Wanafunzi wawili walikuwa wananunua daftari. Vidole akashika wigi kwa mkono mmoja, akalivua, akalitia mkobani juu ya povu, akavaa helmeti, akafunga mkanda chini ya kidevu.

"Mlima wa pili, zizi la mwisho," akasema. "Ukimbie, kaka."

Polepole aliona kichwa kile, na uso wake haukubadilika hata kidogo, jambo ambalo Vidole anamshukuru kwalo mpaka leo. Alijibu kwamba atafika.

Ndani ya helmeti dunia ilikwenda mbali. Sauti za mtaa zilizimika moja baada ya nyingine, akabaki na pumzi yake mwenyewe, ikiingia, ikitoka, na injini ikinguruma chini kwa sauti moja. Nyumba zikapita, kisha mashamba, kisha ukungu ulioshuka barabarani baada ya mvua, na humo hawakuonekana wao wala wengine. Povu la helmeti lilikuwa limemkumbatia kichwa pande zote. Akahisi kitu kinadunda juu kabisa, polepole, na kwa muda hakujua kama ni mshipa wake mwenyewe au ni ule utosi aliouwekea kiganja miaka ishirini na minne iliyopita. Alijiona amekaa kitandani, mtoto mapajani, na mkasi mkononi. Akafumba macho. Akaomba, bila maneno, barabara iwe ndefu kwa upande wa binti na fupi kwa upande wake. Polepole hakukimbia. Kila kona aliipigia honi na kuikata kwa adabu, na Vidole, aliyetaka kumsukuma mgongoni, alijua hana haki ya kumwambia kitu.

Kwenye kona ya kokoto aliona alama ya tairi iliyoteleza, ndefu, ikielekea mtaroni. Lakini alama ilirudi barabarani, ikanyooka, ikaendelea.

Bwana Mifugo alikuwa zizini, buti zimejaa tope, amembana ndama mmoja katikati ya magoti yake namna ileile mama yake alivyombana yeye Jumapili. Ghorofa Mbili ilikuwa imesimama kichwani, imependeza kupita kiasi. Helmeti nyekundu ilining'inia kwenye mti wa uzio. Aliinua macho, akamwona mama yake anavua helmeti ya abiria, kichwa wazi mchana kweupe.

"Mama. Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki." Vidole akafungua mkoba, akatoa povu. Sindano mbili bado zilikuwa zimechomekwa humo. "Hii ni nyama ya helmeti yako, mwanangu. Niliikata mimi, ile Jumapili uliposinzia. Nikakishona kitambaa usione."

Binti alikwenda kwenye uzio, akashusha helmeti, akabonyeza ndani kwa kidole gumba. Kitambaa kikazama mpaka kwenye ganda. Akabonyeza tena pembeni. Akaigonga kwa ukucha, ikalia.

"Leo asubuhi nimeteleza pale kwenye kona," akasema. "Kidogo niende mtaroni. Nikajiambia si neno, nina helmeti."

Vidole akachuchumaa.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema nikusuke mistari. Mistari inaisha saa moja. Mimi nilitaka saa tisa."

Bwana Mifugo alikasirika. Hakupiga kelele. Aligeuka, akarudi kwa ndama wake, akawachanja sita waliobaki, mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama mama yake, maana chupa ya chanjo ikishafunguliwa haisubiri familia za watu zipatane. Vidole aliiona hasira ile mgongoni mwa binti na akakubali kwamba ni yake, imemstahili. Alipomaliza, Bwana Mifugo aliosha mikono, akageuza ndoo tupu juu chini, akamkalisha mama yake, naye akakaa chini mbele yake.

"Fumua," akasema.

Saa tatu zilikwenda. Rasta zilidondoka moja moja kwenye majani makavu, na ndama mmoja, aliyechanjwa na kusahau, akaja akatafuna ncha za Ghorofa Mbili mpaka mwenye zizi akamfukuza. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua limewafikia migongoni, na katikati ya kazi ile Vidole akasikia kichwa cha binti kinazidi kuwa kizito, kinaegemea paja lake. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini usingizi uliipita. Alifumua taratibu zaidi.

Pikipiki ya ofisi ililala kwa mfugaji. Polepole alikuwa na helmeti moja tu ya abiria, na Vidole akaivisha mwenyewe kichwani pa binti, akavuta mkanda, akapima kwa kidole kama umekaza. Yeye akabaki zizini, kichwa wazi, nywele chache za nyuma zikipepea, akisubiri Polepole arudi kumchukua. Mke wa mfugaji akampa kigoda na kumwita mama Bwana Mifugo.

Baada ya hapo alinunua helmeti mpya, akampelekea mzee wa kalamu mbili pamoja na maelezo yote, hakujificha. Wigi hakulivaa tena, maana mwenye duka alikuwa ameshaona na mtaa ulikuwa umeshaarifiwa. Akaanza kuwauliza wateja swali moja kabla ya kufungua pakiti ya rasta: unapanda pikipiki? Anayepanda alisukwa mistari iliyolala, apende asipende. Wachache walinuna wakahamia kwa msusi wa ng'ambo ya barabara. Karani alirudi kumaliziwa upande wa pili, na siku hiyo neno la kioo alikuwa nalo.

Jumapili, binti alikaa kwenye mkeka kwa mistari yake ya saa moja. Vidole alikuwa amejiandaa kwa hiyo saa moja, kwamba ndiyo riziki yake na atosheke. Mstari wa tatu ulipoanza, Bwana Mifugo, macho yamefumba, alisema kwa sauti ya usingizi, "Mama, usiharakishe." Basi saa moja ikawa tatu, na Jumapili ya pili ikawa kila Jumapili.

Mvua kubwa zilipofika, alasiri moja gari la ofisi lilisimama nje. Bwana Mifugo alishuka akichechemea, kiwiko kimefungwa bandeji, helmeti mpya mkononi. Alisema kona ileile, kokoto zilezile, safari hii mtaro ulimpata. Zahanati walimpima, wakamweka chini ya uangalizi siku nzima, wakamruhusu. Alisema yote hayo haraka, akitabasamu, kama watoto wanavyosema mambo mabaya yanapokuwa yamekwisha.

Vidole alimkalisha mkekani, akakaa nyuma yake, akatia mikono. Alianza kwenye paji la uso, akapanda, akashuka nyuma ya masikio, akazunguka kisogo, akarudi. Alitafuta namna mtu anavyotafuta sindano iliyoangukia kwenye zulia, shubiri kwa shubiri, akirudia alipopita. Chumbani kulikuwa kimya, birika tu lilikuwa likinong'ona. Kichwa kilikuwa kilekile. Hakikuwa na kinundu wala mpasuko.

Akaichukua helmeti. Nje ilikuwa na mkwaruzo na ufa mwembamba. Akaigeuza, akapitisha kidole ndani, juu ya kitambaa, na upande wa kushoto, pale sikio linapoishia, kidole kikazama. Povu lilikuwa limebonyea. Lilikuwa bonde dogo, ncha ya kidole gumba ingeenea humo. Alilifahamu bonde lile. Alikuwa ameshasuka juu yake, kichwani pa Karani.

Akaiweka helmeti chini. Akarudisha mkono kichwani pa binti, mahali palepale, juu ya sikio la kushoto, na palikuwa sawa, pana joto. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bila kujizuia, na binti akainua mkono wake mzima akaushika ule wa mama yake na kuuweka juu, utosini.

"Nisuke," akasema. "Tuna jioni nzima."